Swali la Nne

Swali la nne lilikuwa jepesi:
*Eleza jinsi mfalme wa Wafaranki alivyovikwa taji,
na nani aliyemvika. (Alama kumi.)*
Nilitaka mkono wa Papa, sikukuu ya Noeli,
mfalme kapiga magoti, watu wanashangilia.
Hayo tu. Tumeyasoma mara tatu,
hata Mangesho anayesinziaga darasani aliyapata.

Elinikira Mlay, namba kumi na saba,
kaandika hivi, kwa kalamu inayovuja:

Papa hakufika. Theluji ilifunga njia ya mlima.
Mfalme alikaa kanisani siku mbili,
amevaa tayari, viatu vinambana,
maaskofu wanatazamana nani aanze.
Taji liko mezani, linashika vumbi.
Siku ya tatu akaja mama wa kufagia,
akalinyanyua ili apanguse meza,
akauliza, "Hiki kizito namna hii ni cha nani?"
Hakuna aliyejibu.
Akaliweka kwenye kichwa kilichokuwa karibu
apate kumaliza kazi.

Tangu hapo, anasema Elinikira,
kila mfalme wa kule hurudi mwaka ukigeuka
kwa yule anayefagia, ameshika jani la sale,
amwombe upya. Na wapo walionyimwa.
Na Papa? Alifika theluji ilipoyeyuka,
akakuta watu wameshazoea.

Nikapiga mstari mwekundu chini ya *sale*.
Ulaya hakuna masale, nikaandika pembeni.
Nikapiga mwingine chini ya *theluji*: taja chanzo.
Kisha nikakumbuka binti huyu katokea Mbokomu,
theluji anaiona kila akienda kukinga maji.

Umeme ukakatika. Majengo yote kimya,
isipokuwa jenereta ya baa.
Nikabaki na karatasi, na giza,
na bibi yangu Ndeaisia, ambaye sikumwita.

Alifagia kanisa letu miaka thelathini na moja.
Kulia kiti cha mangi, cha mti wa mringaringa,
kushoto mimbari ya mmisionari,
na katikati ugomvi mrefu: nani aketi kwanza,
nani aombee mvua, nani awaite watu
siku za kuchimba mfereji.
Ugomvi huo una sura nzima katika daftari langu la kufundishia.
Bibi hana hata tanbihi.
Lakini vyote viwili alivipangusa yeye,
kwa kitambaa kimoja,
akianza na kile kilicho karibu na mlango.

Nikiwa mdogo nilimuuliza kipi kilikuwa kikubwa.
Akasema kiti cha mangi kilikuwa na mchwa.
Na mimbari?
"Nayo. Ila ile nilipewa mafuta ya taa ya kuipaka."

Umeme ukarudi saa saba.
Nikampa Elinikira mbili kwa kumi,
maana mtihani una mwongozo
na mwongozo una mhuri wa askofu.
Nikajumlisha. Thelathini na tisa.
Kufaulu ni arobaini.
Nikajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu,
kana kwamba njia ya kushuka na ya kupanda
zina urefu tofauti.

Sasa kunakucha. Kibo kimejitokeza,
cheupe, njia zake zimefungwa.
Uani kuna mtu ameanza kufagia.
Kalamu bado ninayo mkononi,
bahasha sijaifunga.