Kioo cha Saba

*Valparaíso, Agosti 1906*

Don Anselmo anataka magofu, hataki watu.
"Watu hawauziki kwenye kadi ya posta," asema.
"Nipe kanisa lililopasuka, nipe Almendral
mtaa mzima ulivyolala chali."
Akanihesabia vioo saba vya picha, taratibu,
kama mtu anayekopesha mbegu.

Cha kwanza: benki, mlango umesimama, kuta hazipo.
Cha pili na cha tatu: reli za tramu
zimejikunja kama utepe.
Cha nne kilivunjikia mkobani, niliteleza kwenye vigae.
Cha tano ni moshi tu. Duka la dawa liliungua siku tatu
likinukia karafuu na spiriti,
nami nilisahau kwamba picha haina pua.

Cha sita sikisemi.
Walikuwa bado wanawafunika.

Chini ya kilima cha Barón nikamkuta Eduvigis Oyarzún
anafagia kizingiti.
Nyumba haipo. Kizingiti kipo.
Anafagia, majivu yanarudi, anafagia.
"Mama, sogea kidogo," nikasema, kama nilivyoagizwa.
"Nisogee niende wapi? Hapa ndipo kwangu."
Akauegemeza ufagio ukutani, pasipo na ukuta.
Ukaanguka.
Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Nikaingia chini ya kitambaa cheusi.
Humo dunia huonekana kichwa chini, miguu juu:
kifusi kinaning'inia, mbingu imekuwa sakafu.
Juma lile ni humo tu nilimoona mambo yalivyo.
"Tulia, mama. Usipumue mpaka nifike nne."
Moja.
Mbili.
Yeye alitulia. Ardhi haikutulia.

"Hiki kimeharibika," Don Anselmo akasema,
amekiinua dirishani kwa ncha za vidole. "Hiki sikulipi."
Picha nyingine zilikwenda Santiago, zilikwenda Hamburg,
kokote huzuni inakonunuliwa kwa senti.
Kioo cha saba nikakitia ndani ya soksi ya sufu,
nikakichapisha usiku, nikampelekea mwenyewe.

Aliitazama. Akaipindua. Akaipindua tena.
"Mbona nimetoka wawili?"
"Ardhi ilitikisika, mama."
"Ahaa." Akapangusa majivu puani.
"Basi huyu wa kushoto na aende foleni ya mkate.
Mwenzake ana kazi hapa."
Na akainama kuokota ufagio.