Doa la Manjano

Kwenye foronya, kwenye pindo la kanga,
kwenye mpini wa mlango wa friji:
doa la manjano.
Nyumba yetu ya Ibra haikumbuki ukuta mweupe
tangu Bibi Shinuna ahamie chumba cha nyuma
na kopo lake la maziwa ya unga
lisilo na maziwa.

Humo mna bizari aliyoisaga mwenyewe,
mna ubani wa Dhofari, punje zimepauka kama meno ya utotoni,
mna asali ya mkunazi, kizibo kimefungwa kwa mpira wa nywele,
na jani moja la mwarobaini, kavu, halitumiki.
Lilitoka Wete pamoja naye.
Hataki liguswe.

Nilikuwa na miaka saba jipu liliponiota kisogoni,
kubwa kama kunazi.
Akachuma majani ya mkunazi wa uani,
akayachemsha, akanikanda kwa kitambaa cha moto
hadi nikamtukana.
"Tukana," akasema, "tusi nalo ni usaha.
Ila usilikamue. Jipu ni mgeni, lina siku yake ya kuondoka,
ukilifukuza litarudi na ndugu zake."
Siku ya tatu likapasuka lenyewe, usiku,
nikalala kama niliyelipwa deni.

Wakaja na wengine.
Bi Ghaniya na mwanawe mwenye punye.
Watoto wa harara, mwezi wa saba,
migongo yao kama ngozi ya fenesi.
Mofizul, fundi cherehani wa Chitagongi,
fangasi baina ya vidole vya miguu:
akapewa siki, chumvi, na amri ya kuvua soksi.
Hawakuwa na lugha moja. Yeye alimshonea kanga,
Bibi akampa ndimu kavu, biashara ikaisha.

Nami nikaenda Maskati kusomea uuguzi.
Nikarudi na glavu,
na majina ya wadudu wasioonekana.
Bibi akasikiliza mpaka mwisho.
"Umempa jina. Je, umemuuliza kwao?"

Kisha ikaja Jumatano hakwenda soko la wanawake.
Nikatandua shuka lake.
Doa lilikuwa upande wa miguu.

Chini ya soksi, kidole cha pili.
Bizari imekauka juu yake, imepasukapasuka
kama tope la falaji lililokatiwa maji.
Ulinuka ubani, ikanuka asali,
na chini ya hizo harufu mbili, ya tatu,
ninayoijua kazini.

"Hakiniumi," akasema, kwa fahari.
"Hilo ndilo linalonitisha, Bibi."
"Tangu lini?"
"Tangu kunazi zianze kudondoka."
Zilikuwa zimekwisha kudondoka.

Daktari alikuwa kijana. Akamuuliza amepaka nini.
Akataja vyote, kwa Kiarabu chenye Upemba ndani yake,
taratibu, kama anayetaja wanawe.
Kijana akaandika neno moja: *sukari*.
Nikataka kumwambia, huyu ameponya mtaa mzima,
kidonda kidogo kingemwogopa.
Nikanyamaza. Hiki hakikuwa kidogo,
na mimi, mwenye glavu, nilikuwa nalala chumba cha pili.

Siku kumi na moja za dripu.
Kidole kikabaki huko.

Sasa namsafisha kila jioni, dawa ya hospitali, bandeji safi.
Anasimamia. "Kaza. Si hivyo. Hujui hata kufunga kilemba."
Kopo liko juu ya kabati; anaweza kuliona, hawezi kulifikia.
Jana akaniona najikuna viganja,
upele wa glavu.
"Lishushe," akasema.
"Bibi."
"Lishushe. Langu nimewapa wao. Lete mkono."

Akachanganya kwa kidole gumba, bila haraka,
akanipaka mpaka kifundoni.
Leo nimesaini daftari la zamu, na msimamizi ameuliza
nani kamwaga mchuzi kwenye ukurasa.