Vocha ya Watu Wanne

Mama aliikata gazetini kwa mkasi wa kucha,
polepole, asije akamega pembe,
akaibana mlangoni pa friji kwa sumaku ya samaki:
NUSU BEI. KABLA YA SAA TANO ASUBUHI.
Na chini, kwa herufi za ukubwa wa chawa:
meza moja, watu wanne, wasipungue.

Sisi tu watatu.
Baba, ambaye sikio lake la kushoto lilistaafu kabla yake;
mimi, niliyefika Ipoh kwa basi la usiku;
na Mama, ambaye huganda mbele ya mizani ya muuza mboga
mpaka mshale utulie.

Wiki nzima aliizunguka simu
kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua.
Alhamisi akabonyeza.
"Sau Mei. Ni mimi. Nahitaji mtu wa nne."
Kimya.
"Ni kwa ajili ya vocha tu."

Miaka mitatu hawajasemezana,
tangu siku ya arobaini na tisa ya msiba wa Bibi,
kisanduku kilipofunguliwa, bangili ya jade haimo,
na kila mmoja akautazama mkono wa mwenzake.

Jumapili, mkahawa umefurika,
vitoroli vinapenya kati ya viti vikipiga kelele za magurudumu,
mvuke unatia ukungu miwani ya Baba
naye anaiacha hivyohivyo, ana raha zake.
Mama mdogo amekuja na nywele zilizopakwa rangi jana
na mikono mirefu ya blauzi, katika joto lile.
"Umekonda," akasema Mama.
"Wewe hujakonda," akajibu.
Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Vikapu vya mianzi vikapangwa ghorofa kwa ghorofa:
kamba waliojifunika ngozi nyembamba hata waridi lao linaonekana,
miguu ya kuku iliyolegea kwa maharage meusi,
keki ya figili iliyoungua kidogo pembeni,
wali wa kunata ndani ya jani la yungiyungi.
Mama alihesabu vikapu kwa midomo.
Mguu wa kuku wa mwisho ulikaa sahanini
na kila mtu akasema ameshiba.

Ndipo Mama mdogo akainua birika
kummiminia dada yake.
Mkono wa blauzi ukateleza.
Kitu kikagonga birika: mlio mdogo, mkavu,
wa jiwe na udongo.
Aliyekosa kuusikia ni Baba tu.

Mama aliitazama chai ikipanda kikombeni.
Kisha akakunja vidole viwili
akaigonga meza, mara mbili,
kama tunavyoshukuru huku
mdomo ukiwa umejaa,
au ukiwa hauna la kusema.

Mhudumu akaigeuza vocha, akaisogeza kwenye mwanga.
"Shangazi, hii iliisha jana."
Nikajiandaa. Namjua mama yangu;
amewahi kugombea senti kumi hadi kwa meneja.
Akafungua pochi, akalipa bei nzima,
noti baada ya noti, bila kulamba kidole.

Nyumbani, gazeti lilikuwa bado mezani,
tarehe imezungushiwa wino mwekundu,
mkono ni wake.

Lakini hilo nililiona baadaye.
Pale mkahawani aliichukua vocha iliyokufa,
akakifungia kitobosha cha yai kilichobaki
na kukisukuma ng'ambo ya meza.
"Kile kabla hakijapoa," akasema.
"Na mikono hiyo ikunje. Joto."