Ripoti ya Ukurasa Mmoja

Nikisema nafanya kazi kwa balozi,
shangazi wa Barabara ya Kumi na Nne huuliza:
nyumba kumi zipi?
Namwambia, huyu ni wa nchi nzima,
ana bendera, ana geti, ana mbwa.
Anaendelea kukuna nazi.
"Basi na ugomvi wake ni mkubwa."

Si mkubwa hivyo. Tumekuja Tanga
kwa kontena moja la mkonge
lililorudishwa kutoka bandari ya kwao
kwa kosa la unyevu: asilimia moja na nusu.
Nimepiga hesabu. Ni pipa moja na nusu la maji.

Mwambata wa biashara, Bwana Kerkhof, anauliza,
mimi natafsiri.
Meneja anajibu, mimi natafsiri:
"Zamani shamba hili lilikuwa na korona nne,
imebaki moja."
Bwana Kerkhof akapapasa mfuko kutafuta barakoa.
Ikabidi nieleze: korona ni mashine,
ndiyo ikwanguayo jani zikabaki singa,
ilikuwapo kabla ugonjwa haujaazima jina.
Sikueleza kuwa vidole viwili vya baba
vilibaki humo, mwaka nilioanza shule,
na fidia ikanunua sare na madaftari.
Mkalimani hatii chumvi yake.

Ghalani, Mwantumu Sechonge anapanga madaraja,
vumbi la singa limempa mvi za mkopo.
Kipimo kinachomekwa kwenye robota:
kumi na moja. Safi.
Mwantumu ananiinamia, kwa Kibondei:
kontena lile lilikaa siku ngapi bandarini
likingoja muhuri,
na masika yale?
Natafsiri. Bwana Kerkhof anaandika.
Anauliza hata herufi za jina lake,
moja moja. Nikafurahi kama mtoto.

Usiku, hotelini Raskazone,
makao makuu wanataka ukurasa mmoja.
Nina mitatu.
Saa nane, muhuri umekuwa "taratibu",
masika yamekuwa "mazingira",
siku ishirini na sita zimekuwa "wakati mwingine",
na Mwantumu, herufi zake zote,
amekuwa mstari wa kumi na tisa:
Nguvukazi: ipo.

Asubuhi shangazi ananifungia mikate ya kumimina.
"Waja leo, waondoka leo. Ugomvi umekwisha?"
Umeandikwa, shangazi.
"Ah. Wetu naye huandika.
Kesi yangu ya mpaka na jirani
ina mwaka wa sita daftarini mwake."

Muheza, Bwana Kerkhof, mtaalamu wa bei za dunia,
alinunua machungwa kwa bei mara tatu
akashukuru kwa mikono miwili.
Nikanyamaza. Hilo nalo ni soko.

Karibu na Segera nilifungua kompyuta mapajani.
Mstari wa kumi na tisa.
Nikafuta nukta, nikaandika:
Nguvukazi: ipo, kasoro vidole viwili.
Mtandao ukarudi. Nikatuma.

Wakiuliza, nitasema ni kosa la uchapaji.