Jumanne ni Nusu Bei

Karani wa dirisha la waya anachana risiti kwa rula.
Mkato umepinda. Mimi fundi wa sare za shule,
naona, nanyamaza: shilingi mia tatu,
mashimo tisa, nani atalalamika?

Tuko watatu na fimbo tisa.
Mfuko ni wa Mwarandu. Aliubeba miaka kumi na minane
nyuma ya Mtaliano mmoja wa mbao na marumaru
aliyeondoka Malindi na mshahara wa miezi miwili mkononi.
"Baki na fimbo," alimwambia, "si haba."
Si haba, anasema Mwarandu hadi leo,
akiitazama namba saba
kama hundi iliyorudishwa na benki.

Jumwa ametoka zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
na viatu vyake vyeupe vya wodi.
Saa kumi alfajiri amepokea mapacha.
Sasa anapiga kwa mikono ileile, bila papara,
na mpira unakwenda, huo unakwenda,
unakwenda mpaka uchoke wenyewe.

Wangu unapaa kidogo, kisha unakata kushoto
kama mteja aliyesikia bei.

Huku hatuna majani ya kujisifia.
Penye shimo ni mchanga ulionyweshwa oili chafu,
na pembeni kuna gunia lenye kamba:
ukimaliza, buruta, futa nyayo zako,
anayekuja asikute ulipokanyaga.
Ndiyo adabu ya uwanja.

Shimo la tatu kunguru anashuka,
anaubeba mpira wa Jumwa hadi kwenye mivinje.
"Yai viza hilo!" Jumwa anamkemea. "Utaatamia uzeeke!"
Sheria imeandikwa kwa chaki, ubaoni, mlangoni:
*Kilichochukuliwa na kunguru, weka kingine, usihesabu.*
Laiti sheria hiyo ingefika dukani kwangu,
kwa wadeni wa Januari.

Shimo la tano.
Mpira wangu umelala hatua nne.
Napiga goti, nafumba jicho moja,
nanyoosha uzi wa macho hadi kwenye kikopo.
Tambarare, nasema.
"Si tambarare," anasema Mwarandu. "Panainama kulia. Kidogo."
Wapi? Sioni.
"Hutaona. Maji ya masika yalipita hapa
yakiingia matuta ya mama. Kila mwaka
mihogo ya upande ule ilitangulia kuoza."
Anaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole.
"Nyumba ilikuwa pale penye bendera."

Jumwa anaacha kutafuna ubani.
Mimi natazama bendera: kitambaa chekundu,
pindo limefumuka, kazi ya dakika mbili.
Sina la kusema, basi nauliza
kama walilipwa.
"Mikorosho ililipwa. Mhogo, walisema, si mti."
Halafu: "Piga, bwana, wa nyuma wanangoja."
Nyuma yetu hakuna mtu. Mbuzi wawili tu.

Nalenga kushoto, vidole viwili nje ya shimo,
nje ya akili yangu mwenyewe.
Mpira unakwenda, unasita,
unaikumbuka njia ya maji,
unainama. Kikopo kinalia.

Hatushangilii.
Mwarandu anachukua gunia, anaburuta polepole,
duara ndani ya duara,
anafuta goti langu, anafuta viatu vya Jumwa.
Nyayo zake anaziacha.

Nilimaliza kwa mapigo sitini na moja.
Kadi inasema hamsini na tisa;
mengine muulizeni kunguru.
Wa mwisho hulipa, nikalipa: chai tatu,
mbaazi, mahamri ya jana yaliyopashwa moto.

Tangu siku ile nina kijibonge cha uzi mwekundu
mfukoni, na sindano nimeichoma kwenye ukosi.
Jumanne mbili zimepita. Pindo linazidi kufumuka.
Sijamwambia Mwarandu.
Huenda angependa liendelee.