Kifungu cha Saba, Aya ya B

Mimi ndiye niliyeipiga chapa.
Msitafute mwingine. Diwani alisema tu,
mwenyekiti akakohoa, mtendaji akatazama saa,
lakini vidole vilivyobonyeza herufi ni hivi,
na ile koma baada ya neno "umeme" ni yangu.

Tulikaa tangu asubuhi ofisi ya kata,
feni ikikata hewa ile ile ya Oktoba,
swali moja mezani: hiki ni nini?
Ina pedali? Inazo.
Ina namba? Haina.
Inakunywa mafuta? Hata tone.
Basi ni baiskeli, akasema Mihayo wa mikopo.
Baiskeli gani inaiacha bodaboda pale kwenye reli?
Haya, ni pikipiki, akasema Afande Kabuka.
Pikipiki gani mtu anaitia begani
mitaro ya Isevya ikifurika?

"Mimi naogopa ukimya wake," akasema Shija,
ambaye mbuzi wake jike, tena mwenye mimba,
aligongwa na kitu kisichobweka wala kunguruma.
Alitueleza huyo mbuzi hadi chai ikapoa:
baka jeupe shingoni, alivyoitika akiitwa.
Tukaandika: kila chombo kiwe na kengele,
na ipigwe kila baada ya hatua thelathini.
Hatua za nani? Hakuna aliyeuliza.
Mbuzi alikuwa bado yumo chumbani.

Sizya alifika tumeshakunja mafaili,
magurudumu matatu, betri ya sola chini ya kiti,
miguu aliiacha hospitali mwaka wa ajali.
"Na mimi niko ukurasa wa ngapi?"
Tukapekua. Hakuwapo.
"Wewe unaeleweka," mtendaji akamwambia.
"Mgambo hasomi kinachoeleweka," Sizya akajibu,
"anasoma kilichoandikwa."
Nikamwandika pembeni, kwa kalamu.
Pembeni hapo muhuri haujafika mpaka leo.

Kisha hiyo saba, aya ya b:
*Ndani ya eneo la soko umeme,
uzimwe, na pedali zikanyagwe.*
Koma imekaa pabaya, naiona sasa.
Siku ile niliisoma kwa sauti, nikajipenda.

Jumamosi, mlango wa soko upande wa nafaka.
Mama, Nyamizi binti Kapambala,
madumu mawili ya asali ya Sikonge nyuma,
juu ya baiskeli niliyomnunulia kwa pesa ya kikoba,
betri imefungwa na fundi Lusona kwa mpira wa tairi.
Mgambo kijana, filimbi mpya, kola bado ina pini:
"Mama, zima."
"Nikizima nitafikaje?"
"Kanyaga."
"Hili goti la kushoto umelisikia likilia usiku?"
Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu.
Karatasi yangu.

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, napima dagaa.
Ningeweza kusema: mwache, mwandishi ni mimi.
Lakini Jumatatu ningemwambia nini Shija?
Nikaacha dagaa kwenye mizani.
Nikazima swichi kwa mkono wangu mwenyewe,
nikashika kiti kwa nyuma
kama alivyonishikia yeye Foniksi ya baba
njia ya Ipuli, akiniambia tazama mbele,
akiniambia sijakuachia, na kumbe alishaachia.

Madumu ni mazito. Mchanga umelegea.
Mama anapiga kengele, si kila hatua thelathini,
anapiga kila hatua mbili, kwa makusudi,
wauza karanga wanacheka, mgambo anatazama pembeni.
Kuna kifungu cha kuzidisha kengele?
Nakipekua kichwani huku jasho linaingia machoni.
Hakuna.

Tulipofika kwenye mihogo akasema, bila kugeuka:
"Hivi huyo aliyeandika,
yeye hana mama?"

Nikasukuma.