Bei ya Tundu

Wapita njia wa Gerezani huiona kwa mbali
wakadhani ni cherehani.
Kuna mama aliwahi kuniletea suruali ya mumewe,
nimpunguzie kiuno.
Sikumcheka. Nayo ina meza, ina mkono,
ina wembe wa meno, mwembamba kama unyasi,
unaopanda na kushuka palepale mithili ya sindano.
Ila sindano huunga.

Bati jembamba lina hila.
Ukilipeleka peke yake linadunda,
linapiga kelele za sufuria iliyoanguka usiku,
linang'ang'ania meno, linapanda nayo,
na wembe, tik! Mia tano imekwenda.
Kwa hiyo nalilaza kati ya plaiwudi mbili
kama mgonjwa kati ya mashuka,
juu nabandika mchoro,
wembe naupaka nta ya mshumaa,
kisha napunguza mwendo.
Mkono hausukumi. Mkono unakaribisha tu.

Kila herufi huanza kwa tundu la keekee:
nafungua wembe, naupenyeza, naufunga tena,
nazunguka ukingoni kama mtu anayekagua kiwanja chake.
A na R zina matumbo. Hizo naziachia daraja,
la sivyo tumbo linadondoka
na A inabaki kibanda kisicho na dirisha.
Ndiyo maana A zangu zote zina kovu upande mmoja.

Shomvi, muuza maji wa Buguruni,
alitaka jina la kupiga kwenye mkokoteni.
MWANAKHERI. Herufi kumi.
Nilimpa bati lenye matundu, akalipia matundu,
maana hiyo ndiyo biashara yangu:
mtu hununua pale pasipo kitu,
akapulizia rangi, akaenda zake.
Herufi zenyewe zilianguka chini ya meza.
Nikazifagia, nikazitia kwenye kopo la maziwa
pamoja na za wengine:
HATARI. SUMU. USIEGESHE HAPA.
Nusu ya jina la mgombea aliyekataa kulipa.

Wiki ya tatu akarudi.
"Fundi, zile ulizozitoa, unazo?"
Mtoto anaanza chekechea Januari.
Kila siku analiona jina lake likipita na madumu,
sasa anataka kulishika.

Tukalimwaga kopo juu ya gazeti.
Tukachambua kama wachagua mchele,
A yenye kovu, A nyingine yenye kovu,
K, H, I iliyopinda kidogo.
Tisa zikapatikana. W hakuna.
Shomvi akaokota M ya HAMIDU KINYOZI,
akaigeuza miguu juu.
"Si hii hapa?"

Hapana. M yangu husimama wima kama mlinzi wa benki.
W yangu imetanua mikono.
"Fundi, mwenyewe hajui kusoma."
"Ndiyo maana," nikamwambia.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne.
Nikachukua msumeno wa mkono, ule wa upinde,
nikabana kipande cha bati kwenye jiriwa,
nikakata W taratibu, jasho likinidondokea kwenye mstari
na Shomvi akinipepea kwa boksi la misumari
bila kuombwa.
Halafu tupa. Kila ukingo, kila kona,
kumi zote, hata zile za ndani za R,
maana bati lililokatwa halisahau,
huacha ukucha usioonekana.
Nilizipitisha moja moja kwenye midomo yangu.
Ya saba ilinichana. Nikairudia.

"Ngapi?" akauliza.
Nikafungua daftari. Kuna bei ya tundu dogo,
tundu kubwa, tundu lenye daraja.
Ya kilichotoka tunduni sikuwahi kuiandika.

Aliniachia madumu mawili, akaondoka,
jina la bintiye likigongana mfukoni.
Nikanawa. Vumbi la bati likatanda juu ya maji,
likakataa kuzama.